Hadithi za Bibi Somoe Zimerudi

Bwana asifiwe! Hapana, ndugu zangu, hiyo si sauti ya watu waliofunguliwa, hiyo ni sauti ya watu wanaowaza wali. Bwana asifiwe sana! Sasa naona tumeelewana.

Naitwa Atupele. Wengi mnanijua kama mke wa yule mrefu wa bandarini, lakini kazi yangu hamuijui. Natunza mfumo wa kompyuta katika ofisi ndogo ya uchapishaji pale Ufukoni, inayotoa hadithi mtandaoni kwa ajili ya shule. Najua mtu anajiuliza, Mungu na kompyuta wapi na wapi? Tulia, mpendwa. Leo nimesimama kushuhudia kwamba hata huko yupo!

Mfumo nilioukuta uliandikwa zamani na fundi ambaye alishahama mji. Ukurasa wake wa ndani, ule ambao wahariri huandikia na kubofya kitufe cha Hifadhi, ulikuwa umechoka kama bati la kutu: ukiziba hapa, panavuja pale. Ukibofya, unasubiri mpaka chai inapoa.

Mhariri wetu ni Mama Tumaini, yule pale kwenye kwaya, safu ya pili. Usiiname, mama, nilikuomba ruhusa ukanipa! Yeye ndiye aliyekuwa akiandika hadithi za Bibi Somoe, bibi wa Mtawanya anayejua hadithi za Kimakonde ambazo hata watoto wake mwenyewe wamezisahau. Bibi huyu alikuwa na uvimbe kooni. Madaktari walimwambia watampasua, na huenda sauti yake isirudi tena. Kwa hiyo alikuja ofisini kusimulia akiwahi, na Mama Tumaini akawa anaandika.

Ndugu zangu, hadithi zikapotea! Mama Tumaini anahifadhi, mfumo unajibu "Imehifadhiwa", lakini akifungua baadaye anakuta ukurasa mweupe. Ikapotea ya kwanza, zikafuata zilizobaki. Tulipomwendea Bibi Somoe kumwomba arudie, alishika shingo yake akasema, "Wanangu, hili koo si bomba la mji. Sauti niliyobakiza ni ya kuwaaga wajukuu." Wiki ile ile akasafirishwa kwenda kupasuliwa.

Mimi nilikesha na kushinda nikiusoma ule msimbo, maana yake yale maandishi ambayo kompyuta huyafuata, mstari kwa mstari. Nikijaribu mwenyewe, hadithi inahifadhiwa vizuri! Akihifadhi Mama Tumaini, inapotea. Na shetani hakosi nafasi. Ofisini watu wakaanza kunong'ona kuhusu Bi Zuhura, mama yetu wa Mikindani anayeandika vitabu vya mapishi kwenye mfumo ule ule. Mbona vyake havipotei? Si ana lake jambo huyo? Mwingine akaleta mafuta ya upako, akaipaka mashine yote, na kipanya kikawa kinateleza mkononi kama kambale. Hadithi zikaendelea kupotea. Bi Zuhura akawa anakunywa chai peke yake, na mkurugenzi akasema mfumo wote utupwe. Ukitupwa, na hadithi za bibi ndiyo basi tena.

Nililia, ndugu zangu. Niliingia stoo nikamwambia Mungu, "Baba, akili yangu imefika mwisho. Nionyeshe nisichokiona."

Nilipotoka, moyo ukaniambia: acha kuitazama mashine, watazame watu. Basi nikavuta kiti, nikakaa nyuma ya Mama Tumaini. Akaandika vizuri, akafika mwisho, akafumba macho. "Kwa jina la Baba," akabofya. "Na la Mwana," akabofya. "Na la Roho Mtakatifu," akabofya. "Amina."

Cheka tu, nami nilicheka mpaka nikashika meza! Nikamwuliza tangu lini. Akasema tangu ile hadithi ya kwanza ilipopotea, siku ambayo mfumo ulichelewa na yeye akabofya tena kwa haraka. Hofu ikamwingia, ndipo akaanza kuibariki kila hadithi. Ndugu zangu, ule mfumo mkongwe, ukishahifadhi, unaacha kisanduku cha maandishi kikiwa kitupu. Bofyo la Baba lilihifadhi hadithi. Bofyo la Mwana likahifadhi kisanduku kitupu juu yake. La Roho Mtakatifu likahifadhi utupu mwingine. Na kila mara unajibu "Imehifadhiwa", wala hausemi uongo!

Tukamwita Bi Zuhura, tukamwuliza yeye hufanyaje. Akasema, "Mie husema Bismillah, nikabofya mara moja, nikatoa mkono. Kuna haja gani ya kumgongea Mungu mlango kama mgambo?" Mama Tumaini akamkumbatia huku analia. Tangu siku ile chai tunakunywa pamoja, na maandazi analeta Mama Tumaini.

Nikaandika upya ukurasa ule. Kitufe, kikibofywa mara moja, kinalala mpaka kazi iishe. Kisanduku kitupu hakipokelewi. Nikaendelea kuondoa uchakavu, nikafika kwenye kiungo kimoja kilichokufa, kimeandikwa "Matoleo ya awali", yaani nakala za zamani. Nikakifufua, nikakifungua. Haleluya! Mfumo ulikuwa umetunza kila kitu tangu mwanzo! Juu utupu, chini ya utupu utupu mwingine, na chini kabisa hadithi za Bibi Somoe, nzima, hata nukta haikupungua! Nilipiga kigelegele, walinzi wakaja mbio.

Bibi aliporudi tulikodi bajaji, sote watatu, tukaenda Mtawanya. Tulimkuta ana bandeji shingoni, na sauti imekwenda kweli. Mjukuu wake wa kike akashika simu yangu, akaanza kumsomea. Bibi akawa anasikiliza, anatazama chini. Mjukuu alipofika penye wimbo akasita, kwa kuwa hakujua unavyokwenda. Basi bibi akainua mikono, akapiga makofi, taratibu, kwa mapigo ya wimbo wenyewe, na binti akaingia nao. Bibi anapiga, binti anaimba, na machozi yanawatoka wote wawili. Sauti ya bibi ilikuwa imeondoka kooni mwake, lakini tuliisikia mle chumbani!

Nani kama Mungu, ndugu zangu? Namshukuru, nawashukuru na ninyi mlioniombea. Na wewe uliyeketi hapo na ukurasa wako mweupe, unayedhani chako kimefutika, usikate tamaa: hujui kilichotunzwa chini yake. Mkabidhi leo. Mwambie mara moja kwa imani, kisha, kama alivyotufundisha Bi Zuhura, toa mkono.