Mwalimu Zubeda na Somo Lililokataa Kwisha

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba, Mwalimu Zubeda Mohdhar anafunga miaka thelathini na mitatu ya kazi, yote darasa la kwanza, yote hapa hapa shuleni kwetu Mishomoroni. Vyeo aliletewa akavikataa. Alisema ofisini hakuna mtu wa kufundishwa kushika penseli.

Nimepewa mimi niandike, Masha, mlinzi na mpiga kengele, ambaye watoto huniita Mjomba. Shule niliiachia njiani, lakini kwa habari za Mwalimu huyu hakuna mwenye digrii wa kunipiku. Nusu ya Kisauni imejua kusoma kwake. Nusu nyingine ilichelewa kujiandikisha.

Kwa wageni wetu wasiomjua, nikiwasimulia siku moja tu inatosha.

Asubuhi hiyo Gredi ya Kwanza walikuwa wakihesabu vifuniko vya soda. Mara likaingia tingatinga, kubwa, wallahi, kivuli chake kilifunika shule nzima. Lilikuja na karani wa tajiri mmoja aliyedai kiwanja ni chake, na darasa la kwanza ndilo lililokuwa lianguke mwanzo. Wazazi walikuwa wamekwenda mahakamani Shanzu kupinga, amri ilikuwa bado haijatoka. Karani alipoona watoto ndani, akamwambia dereva, "Ngoja kengele ya mapumziko. Wakitoka, angusha."

Mwalimu alimsikia. Akaja mlangoni na chaki yake, akaniita.

"Mjomba, leo hakuna mapumziko. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Mwalimu."

Akarudi ndani. "Haya, ongezeni kifuniko kimoja! Vimekuwa vingapi?"

Karani akanijia juu. "Mzee, piga kengele!" Nikamwambia mimi sikuajiriwa na yeye, kisha nyundo ya kengele nikaikalia. Walikuja wanaume watatu kuninyanyua, wakashindwa. Anayebisha aje ajaribu.

Somo likaendelea. Vifuniko vikaisha, wakaingia kwenye herufi. Za muhula ule zikaisha, wakavamia za muhula wa pili. Kwenda haja walitoka wawili wawili, darasa lisibaki tupu. Kina mama walipitisha mahamri na viazi karai madirishani. Mtoto mmoja, Fancy, akauliza, "Mwalimu, kengele imekufa?"

"Haijafa, imenuna. Soma."

Dereva wa tingatinga, kijana wa bara aitwaye Kefa, akasogea dirishani. "Madam, mimi nimetumwa tu. Mtamaliza saa ngapi?"

"Mwanangu, kusoma hakuna kumaliza. Jua kali hilo, ingia ukae."

Akaingia! Akakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakagusa masikio, akapewa vifuniko vyake. Karani alipomfokea kutoka nje, Kefa akajibu bila kugeuka, "Bosi, niko klasi."

Alasiri bodaboda ikaleta amri ya mahakama: marufuku kubomoa. Tingatinga likatoka kinyumenyume. Hapo Mwalimu akaniruhusu nipige kengele, nikaipiga wakaisikia Likoni. Watoto hawakutoka. Walikuwa katikati ya neno, wakataka walimalize.

Kelele zote alizopiga Mwalimu siku ile ni za kufundisha. Mimi ndiye niliyetukana, kidogo, kwa niaba ya shule.

Sasa mtaani kuna maneno kwamba tajiri anangoja Zubeda astaafu ndipo arudi. Na arudi. Mwalimu Milcah, atakayeshika darasa hilo, amekaa na Zubeda mwaka mzima akijifunza kila kitu, pamoja na kumtazama karani usoni bila kupepesa. Wazazi wapo. Mimi nipo, na sijazeeka hata kidogo.

Mwalimu Zubeda, asante kwa kila mtoto uliyempokea akilia ukamrudisha nyumbani akisoma maandishi ya ukutani njia nzima. Mungu akupe afya, upumzike kwa raha, na asubuhi ulale mpaka uchoke mwenyewe. Januari darasa la kwanza litafunguliwa pale pale lilipo, na litajaa.