Twahiru Gasana na Herufi za Mlazo

Marehemu Mzee Twahiru Gasana alizaliwa Biryogo, Kigali, tarehe 14 Machi 1934. Baba yake, Mzee Ndayisaba, alikuwa fundi cherehani. Mama yake alikuwa Bi Uwimana.

Alisoma chuo cha Qur'ani mtaani kwao, ambako alizoea kalamu ya mwanzi, kisha shule ya msingi, aliyoiacha mwaka 1949 baba yake alipofariki.

Kuanzia Septemba 1962 alikuwa mpanga herufi katika kiwanda kidogo cha uchapaji, Kiyovu. Aliokota herufi za madini ya risasi moja moja na kuzipanga mistari. Alizithamini zaidi herufi za mlazo zilizotoka Ulaya: ziliinama kidogo kuelekea kulia, kama hati ya mtu asiye na haraka, ncha zake zilikuwa nyembamba, na mkia wa f ulitokeza nje kiasi kwamba ukibanwa ulivunjika. Zilifaa kadi za harusi, kadi za majina za mabalozi na orodha za vyakula hotelini. Ukurasa mzima wa mlazo, alisema, huchosha macho.

Zilikuwa na upungufu mmoja. Idadi ya kila herufi iliagizwa kwa kipimo cha Kifaransa, lugha isiyohitaji k nyingi. Kwa hiyo kiwandani ilikuwa desturi majina ya wenyeji yamaliziwe kwa herufi za kawaida.

Mwaka 1964 alimposa Swafiya Mukandekezi. Katika kadi ya mfano, maneno ya mwaliko yalimaliza k zote kabla ya jina la bibi harusi, nalo likapangwa kwa herufi za kawaida. Baba yake Swafiya, Mzee Nsabimana, aliirudisha.

"Twahiru, majina ya kwenu iko nzuri, ya binti yangu iko kama tangazo ya mnada. Kama ni hivi, harusi hakuna."

"Mzee, k zimekwisha."

"Basi oa Mfaransa."

Marehemu alichapa nusu ya juu ya kila kadi, akazifumua herufi, akazisafisha, akapanga nusu ya chini kwa herufi zilezile, na kuzipitisha kadi mashineni mara ya pili. Mzee Nsabimana alipapasa kadi kwa kidole gumba akitafuta mahali pa kuungia. Hakupaona. Ndoa ilifungwa tarehe 6 Juni 1964. Tangu hapo kila mwenyeji aliyeomba mlazo alichapiwa hivyo.

Mwaka 1987 aliugua figo, akaacha kazi. Januari 1989, akiwa hospitalini, mwanawe Mutabazi alimwambia kwamba anataka kuoa.

"Anaitwa nani?"

"Nyirahabimana, baba."

Alilipitia jina hilo polepole kwa vidole, kama anayeokota herufi. "Hakuna k hata moja. Mwanangu, umewahurumia wachapaji."

Alifariki tarehe 9 Februari 1989, akazikwa Nyamirambo.

Ameacha mjane, Swafiya, binti, Mukandayisenga, mwana, Mutabazi, na mchumba wake. Harusi itafanyika Agosti. Kadi zitapita mashineni mara mbili, kwa kuwa mwenye kualika sasa ni Bi Swafiya Mukandekezi.

Mwenyezi Mungu amrehemu, na pumziko lake liwe la amani.