Taa ya Nyuma ya Thelma Legg

Thelma Rose Legg alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 hapa hapa Wareham, Dorset, mtoto wa kwanza wa Wilfred na Edith Squibb. Mimi, Avril, ni mdogo wake wa pekee. Nimeombwa nisome kwa upole. Nitajitahidi.

Baba yetu aliendesha kifaru vitani, huko Italia. Usiku walisafiri gizani, kila dereva akifuata taa ndogo iliyofichwa chini ya tumbo la kifaru cha mbele, kwa nyuma, ikimulika bamba jeupe. Ndege ya adui isingeiona. Aliyeiona ni anayefuata tu. Baba hakupenda kusimulia vita, ila taa ile aliitaja mpaka uzeeni. "Nikiiona, najua sijaachwa peke yangu," alikuwa akisema. Thelma hakulisahau neno hilo.

Marehemu alisoma hapa mjini hadi alipotimiza miaka kumi na mitano. Alipoomba kufundishwa mambo ya umeme, aliambiwa hayo ni ya wavulana. Mwaka huohuo, 1964, aliingia karakana moja ya mji jirani wa Poole kutengeneza vifaa vya masikio vya wasiosikia vizuri, na alifanya kazi hiyo mpaka alipostaafu mwaka 2004.

Tarehe 5 Juni 1971 alifunga ndoa na Ivor Legg, mpeleka barua, wakajaliwa binti mmoja. Baba alipofariki mwaka 1986, Thelma alianza kuunda vifaru vya mfano, na tangu hapo Ivor alikula sahani ikiwa magotini, maana meza ilishachukuliwa. "Mume wangu, sogeza hayo maviazi, unalimwagia jeshi mchuzi!" Aliunganisha minyororo pingili kwa pingili. Alikwangua rangi pale tu ambapo buti la askari lingeikwangua. Matope yalikuwa udongo wa bustani yake, aliouchekecha kwa soksi. Alipitisha nyaya nyembamba kama unywele, na ukizungusha mnara wa mzinga, taa zote zinawaka, hata ile ndogo ya nyuma, chini ya tumbo.

Mwaka 1991 alipeleka kifaru chake cha kwanza kwenye mashindano ya vifaa vya mfano, huko Weymouth. Wanaume wa mlangoni walimcheka.

"Mama, umepotea? Mambo ya kufuma yako ukumbi wa pili."

"Nimekuja na kifaru. Nyie mmekuja na nini, midomo?"

Bwana Roland Pitfield, jaji wa mashindano hayo miaka yote, ambaye yupo nasi leo, alimwambia taa ni mambo ya vinyago vya watoto, na tena ya nyuma haiwaki.

"Inawaka. Piga magoti uone."

"Jaji hapigi magoti, Thelma."

"Basi kaa na maksi zako."

Kila mwaka alimkata maksi, na kila mwaka Thelma alirudi na taa ileile, hafifu vilevile. Tulimsihi aweke yenye mwanga zaidi apate kikombe. Alikataa katakata. Alisema ikionekana na kila mtu, itakuwa imemsaliti baba. Kikombe hakupata, na wala hakukililia.

Septemba 2021 aligundulika kuwa na ugonjwa wa mapafu. Hospitalini, muuguzi alimkuta na nyaya kitandani. "Bibi, hapa ni wodi, si karakana." "Basi nirudisheni karakana." Wakamrudisha nyumbani. Kifaru chake cha mwisho, mfano wa kile cha baba, Ivor alikilehemu jikoni huku akifokewa kutoka chumbani. Kilipowaka, Thelma alilia, na Ivor akalia pia. Alifariki tarehe 9 Februari 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, Ivor, binti, Tamsin, mjukuu, Perran, na mimi.

Tuliambiwa kifaru hakiwekwi juu ya jeneza, na kikiwekwa, basi kizimwe. Tumekiweka. Kinawaka. Anayetaka kukizima aje hapa mbele, tuzungumze.

Sasa wabebaji watamwinua mabegani kumpeleka kaburini. Kifaru kimefungwa juu yake, nyuma yake ikitutazama sisi tunaofuata. Bwana Pitfield, leo hutahitaji kupiga magoti. Njoo utembee hapa pamoja nami, uinue macho tu.

Dada, tangulia kwa amani. Tunakuona.