Shangazi na Nzi Mwenye Macho ya Asali

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Shangazi, kama sote hapa chuoni tunavyomwita, anavua koti lake jeupe baada ya miaka thelathini na sita ya kuitumikia maabara ya urithi wa viumbe, ile ambayo chuo kizima kinaiita Nyumba ya Nzi. Wengi wenu mlimkuta akiwa mkuu wa maabara, miwani imepanda kwenye paji la uso, naye anaitafuta miwani hiyohiyo mezani. Mimi nilimkuta akiwa binti wa mwaka wa tatu, na tulikuwa washindani. Mniwie radhi basi nikianzia huko. Yeye akisimulia siku zile hupunguza chumvi mno, na kazi ya kukoleza ni mojawapo ya chache ninazoziweza.

Profesa wetu wa wakati ule alikuwa na desturi ya kupokea wanafunzi wawili wa utafiti kwa majaribio. Mwisho wa muhula mmoja alibaki, mwingine alishukuriwa kwa chai. Muhula wetu wawili hao tulikuwa Shangazi na mimi. Mimi niliitaka nafasi ile kama mtu anavyotaka kitu kizuri kilichowekwa mbele yake. Yeye aliitaka kama pumzi. Baba yake, fundi cherehani, alikuwa amekwisha kumtafutia kazi ya ukarani, na mwajiri alikuwa anasubiri jibu. Asipobaki maabara, Jumatatu angekuwa nyuma ya dawati akipiga mihuri. Mzee yule hakuwa mkali, ila alikuwa na swali lake ambalo hakulichoka: “Mwanangu, wenzio wanafukuza nzi, wewe unataka kwenda kuwafuga?”

Nzi wenyewe ni wale wa matunda, wadogo kama punje za ufuta. Tunawatunza chupani na kuwapikia uji wa unga wa mahindi, sukari na hamira. (Mgeni rasmi mmoja, miaka ya baadaye, aliukuta sufuriani akajichotea kikombe, akausifu. Shangazi alimwongezea.) Ukitaka kuwachunguza, unaiweka chupa juu ya barafu mpaka walale, unawamwaga kwenye kigae cheupe, kisha unawapanga kwa brashi chini ya hadubini. Ufundi wote uko hapo: walale, wasife. Wa kwangu walikuwa wakilala usingizi wa moja kwa moja. Wa kwake waliamka wachangamfu kama watu waliotoka kuoga.

Sasa wiki ya mwisho ya muhula, asubuhi moja ya joto kali, Shangazi akiwa peke yake kwenye hadubini aliona kitu. Katikati ya nzi wenye macho mekundu, kama walivyo wote, alikuwapo mmoja mwenye macho ya rangi ya asali. Hakuna aliyewahi kumwona nzi wa namna hiyo katika chupa zetu. Mwanafunzi wa utafiti husubiri jambo kama hilo maisha yake yote, naye limemjia kabla ya chai ya saa nne! Alifanya ambalo kila mwenye damu mwilini angefanya. Aliruka kutoka kwenye kiti, akakimbia ukumbini akipiga kelele: “Profesa! Profesa, njoo uone!”

Kigae kikabaki kwenye joto.

Aliporudi na Profesa, nami nyuma yao kwa umbea, Profesa aliinama kwenye hadubini akatazama kwa muda mrefu. “Binti yangu,” akasema, “nimekiona kigae. Ni kigae kizuri sana.” Nzi wote walikuwa wameamka na kuruka.

Bado nauona uso wa Shangazi saa ile. Profesa hakumgombeza, lakini alisema wazi kwamba kisichoweza kuonyeshwa hakiandikwi, na kwamba uamuzi wake wa nani abaki angeutoa jioni. Shangazi alifunga mlango, akazima feni, akatandika taulo bichi chini ya mlango, akaniambia: “Wewe shika madirisha.” Nikashika. Sijui hata kwa nini nilimsaidia mshindani wangu. Nadhani ile sauti ilinikumbusha dada yangu mkubwa.

Tulizima taa zote, tukateremsha mapazia tukaacha kioo kimoja tu wazi, maana nzi hufuata mwanga. Wakaja. Tuliwadaka mmoja mmoja kwa vichupa na pamba, wakapelekwa barafuni, yeye akawatazama. Mwekundu. Mwekundu. Mwekundu tena. Hatimaye Profesa naye akavua koti la suti akaja kudaka, akiwa na mikono mizito kama ya mtu anayevuna kwa sufuria.

Katikati ya hayo mlango ukafunguliwa kwa nguvu. Mama wa usafi alikuwa amechungulia kwenye kioo cha mlango, akaona wadudu, akaja na kopo la dawa ya kupulizia mkononi. “Jamani! Mmevamiwa na mko kimya?” Kidole kilikuwa tayari. Profesa, msomi aliyeheshimika mabara matatu, alijitupa mbele yake akainua mikono yote miwili kama golikipa. “Mama, nakuomba! Huyo mmoja ni wa kwetu!” Mama wa usafi alimtazama, akatutazama na sisi, akaweka kopo chini taratibu, kama mtu anayeongea na wagonjwa.

Dirishani hakubaki nzi. Macho ya asali hakuna. Mimi nilikwisha kuanza kutafuta maneno ya pole. Hapo ndipo Shangazi aliposimama katikati ya chumba na kusema jambo ambalo mimi, wallahi, nisingelifikiria hata kwa kulipwa: kama macho yake ni tofauti, pengine haoni kama wenzake. Pengine mwanga haumwiti.

Akageuka, akaupa mgongo ule mwanga tuliokuwa tumeung'ang'ania, akapiga magoti kwenye kona yenye giza kuliko zote, chini ya meza, penye ndoo ya uji uliomwagwa. Tukasikia kichupa kikigonga sakafu. Halafu kicheko ambacho nadhani kilisikika mpaka maktaba.

Profesa alitazama hadubinini, akatazama tena, akanipisha nami nitazame. Asali tupu. Tena alikuwa jike, mwenye mayai tele. Jioni ile hapakuwa na haja ya kutangaza chochote; mimi mwenyewe nilienda kuchemsha maji ya chai yangu ya kushukuriwa. Mwaka uliofuata nilihamia mimea, na sijajuta. Mmea hata ukikukasirikia hauruki.

Wajukuu wa nzi yule walizaliwa na macho yaleyale, na ukoo wao uliandikiwa tasnifu ya uzamili, kisha ya uzamivu. Leo wanaishi katika maabara nyingi ng'ambo. Shangazi alipanda kutoka mwanafunzi hadi mhadhiri, hadi mkuu wa maabara, na njiani akawalea watafiti ambao nao sasa wana mvi. Kila mgeni humpa somo moja kabla ya mengine yote: ukiona la ajabu, funika kwanza, shangilia baadaye. Desturi ya kushindanisha wawili aliifuta siku aliyoshika uongozi. Alisema maabara haikosi kiti cha pili, inakosa tu mtu wa kwenda kukiazima. Mara nyingi alikuja kukiazima kwetu mimea, na hakurudisha hata kimoja.

Amekataa meza yake ifanywe kumbukumbu. Jumatatu wanaikalia wanafunzi wapya wawili, mmoja wao akiwa binti ambaye wiki iliyopita, alipokiona kichwa cha nzi kwa mara ya kwanza chini ya hadubini, alipiga yowe hadi sisi wa ghorofa ya pili tukasimama.

Shangazi, ahsante kwa kelele zote. Nenda ukalale mpaka jua lichomoze vizuri, wajukuu wa kibinadamu nao wakuzoee. Afya iwe nawe, furaha ikufuate, na siku zako mbele ziwe nyingi na nyepesi. Viti vyetu tumekusamehe.