Lusiana Felisian na Simu Yake ya Jumanne

Ndugu waombolezaji, kabla ya kusoma maisha ya marehemu, tulitaje lililo midomoni mwenu. Ni kweli: juzi Jumanne, Lusiana akiwa ameshatutoka, sauti yake ilipiga simu kwa wajawazito wa Likunja na Chiola. Si mzimu. Ni programu ya kompyuta aliyoitengeneza mwenyewe. Kama itazimwa au la, mtasikia kabla hatujamshusha kaburini.

Marehemu alizaliwa hapa Likunja, wilayani Ruangwa, tarehe 14 Agosti 1990, mtoto wa pili wa Mzee Felisian na Mama Josephina. Alisoma shule ya msingi hapahapa, akaenda sekondari Nachingwea, kisha chuo Dar es Salaam, ambako alihitimu shahada ya sayansi ya kompyuta mwaka 2014. Alikuwa mbishi tangu utoto. Redio ikikwama aliifungua, na mara nyingi ikafa kabisa.

Aliajiriwa Dar es Salaam hadi 2019, akarudi Nachingwea na kupanga chumba karibu na soko. Majirani walimwona kakaa ndani kutwa, wakamhurumia kwa kukosa kazi. Kumbe alikuwa akitengeneza programu ya kuwakumbusha wajawazito siku ya kliniki. Ilianza na ujumbe wa maandishi, lakini wengi hawakuusoma. Akarekodi sauti yake kwa Kimwera, na hapo napo akakosea: simu iliwasalimia akina mama, wao wakaanza kuitikia na kuuliza habari za nyumbani, yenyewe ikaendelea tu na mambo yake. Bi Tunu wa Chiola alimjia juu: "We' mwanangu umesoma, heshima umeiacha wapi? Mtu anakuitikia, we' unaongea tu!" Lusiana alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaweka kituo cha kungoja jibu baada ya kila salamu. Vijana aliowafundisha aliwaambia wasijisifu kwamba programu inafanya kazi kwenye kompyuta zao. Waipeleke kwa mtumiaji, wakae naye, wafunge mdomo, watazame anakwama wapi.

Tarehe 10 Oktoba 2020 alifunga ndoa na Abel, fundi pikipiki wa Nachingwea, wakajaliwa binti, Winfrida. Abel alizoea kula na mke ambaye macho yake yako kwenye kioo cha kompyuta, na hakulalamika sana.

Mwaka 2023 marehemu aligundulika na shinikizo la damu, akapewa dawa na tarehe za kurudi hospitali. Hapa tuseme ukweli, ingawa unauma. Aliyewakumbusha wanawake wa wilaya mbili tarehe zao, zake alizipitisha. "Nikimaliza hili tu, naenda," alimwambia mumewe, na kila lililoisha lilizaa jingine. Ninyi mnaofanya kazi hii, haina kumaliza. Inukeni kwenye viti. Figo zake zilishindwa, naye akafariki Jumapili, tarehe 2 Machi 2025, akiwa njiani kupelekwa hospitali Mtwara.

Ameacha mume, mtoto mmoja, wazazi wote wawili, na kaka yake Tomasi, ambaye ndiye anayewasomea haya kwa hasira na mapenzi.

Kuhusu simu, jana wazee walitaka izimwe mpaka arobaini ipite, wakisema aliyekufa haamkii walio hai. Asmaa, aliyefanya kazi na marehemu, akajibu kwamba kurekodi upya ujumbe wa kila mwezi wa mimba ni kazi ya wiki kadhaa, na wapo wanawake wenye tarehe zao sasa. Wakabishana. Mama Josephina, ambaye namba yake ilikuwamo kwa ajili ya majaribio, ndiye aliyekata shauri.

"Iacheni ipige," alisema. "Wana wa watu wasipate shida kwa msiba wangu. Ila mimi nitoeni. Jumanne ameniamkia, nimeitika. Tena siwezi."

Basi ikipiga, pokeeni, na kliniki mwende. Namba ya mama imeshaondolewa. Mungu ampe Lusiana pumziko alilojinyima.