Laurian Mughwai, Fundi wa Hewa ya Majengo (1953–2004)

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Mwankoko na wageni mliotoka mbali: familia imenipa mimi, Agripina, mdogo wake wa mwisho, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu. Nimeandika ninayoyajua. Yale niliyosimuliwa nimeyahakikisha kwa waliokuwapo.

Marehemu Laurian Mughwai alizaliwa Ijumaa tarehe 14 Agosti 1953 hapa Mwankoko, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa marehemu Mzee Mughwai Njiku na mama yetu Leah, ambaye tuko naye hapa. Alizaliwa na kukulia kwenye tembe. Baadaye aliwaambia wahandisi wenzake kwamba ile nyumba ya udongo, baridi mchana na vuguvugu usiku, ndiyo iliyomfundisha kazi kabla ya mwalimu yeyote.

Alianza darasa la kwanza hapa hapa mwaka 1961. Mwaka 1965 alipelekwa Shelui kuendelea na masomo, akakaa kwa shangazi yetu Elizabeti, aliyekuwa na hoteli ndogo ya kuwapikia madereva wa malori. Mwezi Julai 1966 upepo ulikuwa mkali na baridi ilizidi. Shangazi aliingiza jiko la mkaa chumbani, akaziba nyufa za dirisha kwa magunia, akalala. Asubuhi Laurian alimgongea ili amuage aende shule. Hakujibiwa. Aliusukuma mlango akamkuta shangazi amelala kwa utulivu, uso una rangi nzuri kama wa mtu mzima wa afya, naye amekwisha kufa. Kaka alikuwa hajatimiza miaka kumi na tatu. Alinisimulia mara moja tu katika maisha yake. Alisema, "Kilichoniogopesha si maiti. Niliogopa kwa sababu chumbani hakukuwa na kitu cha kuogopa. Hakuna moshi, hakuna harufu, hakuna damu."

Baada ya sekondari mjini Singida alijiunga na chuo cha ufundi Dar es Salaam mwaka 1973, akahitimu 1976 kama fundi sanifu wa majokofu na viyoyozi. Aliajiriwa na shirika moja la umma, akatunza mitambo ya maghala ya baridi kwa miaka kumi na saba. Mabomba ya maghala yale yalikuwa yamevishwa asbesto, nyuzi za mawe zinazozuia joto, na mafundi waliikata kwa msumeno bila kufunika pua. Wakati ule hakuna aliyewaambia lolote.

Tarehe 8 Agosti 1981 alifunga ndoa takatifu na wifi yetu Klara. Mungu aliwajalia watoto wanne. Wifi ameniomba niseme kwamba katika miaka yote ya ndoa yao kaka hakuwahi kulala dirisha likiwa limefungwa, hata upepo wa Juni ulipokuwa unazima taa ya chemli, na kwamba yeye Klara alinunuliwa mablanketi mengi kuliko mwanamke yeyote wa Mwankoko.

Mwaka 1993 mashirika ya umma yalipokuwa yanauzwa na wafanyakazi kupunguzwa, naye alipunguzwa. Alirudi nyumbani na sanduku la vyombo vya kazi. Mwaka 1995 kampuni moja ya ujenzi ilimpeleka Nairobi kwa wiki sita kujifunza kutumia kompyuta. Alirudi na disketi tatu, na baadaye akapata kompyuta kuukuu aliyoiweka sebuleni. Kazi yake ilikuwa kuijenga nyumba ndani ya kompyuta kabla fundi hajachimba msingi. Aliiambia unene wa ukuta, madirisha yanatazama wapi, jua la saa nane lina ukali gani na watu wangapi watakaa ndani. Nayo ilimwonyesha, saa kwa saa, joto litakusanyika wapi, hewa itapita wapi na umeme kiasi gani utaliwa bure.

Mama alimuuliza, "Sasa mwanangu, hiyo nyumba ya kwenye televisheni nani atahamia?"

Akamjibu, "Hakuna, mama. Kama ina kosa, ibomokee humu."

Sasa nafika mahali pagumu. Bwana Gasto, mwenye lile jengo la ghorofa tatu mjini, amekaa kati yetu. Nilimfuata jana kumwomba ruhusa. Aliniambia, "Soma yote, mwalimu. Usinifiche." Kwa hiyo nasoma.

Jengo hilo lilichorwa na watu wa mbali, likawa vioo vitupu visivyofunguka, na mitambo mikubwa ya kupoza hewa katika mji ambao upepo wake unaezua mabati. Mwaka 1997 mvua ziligoma, mabwawa yakakauka na mgao wa umeme ukawa mkali nchi nzima. Bwana Gasto aliweka jenereta uani, akaijengea ukuta ili kelele zisiwasumbue wapangaji. Kisha akamwita kaka apunguze dizeli iliyokuwa inaliwa.

Kaka alipima jengo siku nne, akaingiza vipimo kwenye kompyuta. Alichokiona hakikuhusu dizeli tena. Moshi wa jenereta ulikuwa unazuiwa na ule ukuta. Upepo wa mashariki ukivuma, moshi ulirudi na kuingia kwenye tundu lililovuta hewa safi ya ukumbi wa ghorofa ya tatu. Kompyuta ilihesabu dakika arobaini tangu jenereta kuwashwa. Baada ya hapo watu wa ukumbini wangekuwa wanavuta gesi ile ile ya sumu, isiyoonekana wala kunuka, iliyotoka kwenye jiko la mkaa ikamuua shangazi.

Jumatano tarehe 19 Novemba alipeleka ripoti. Bwana Gasto aliitazama michoro akasema, "Fundi, mimi nina jengo. Wewe una katuni."

"Mzee, nakuomba. Usiwashe jenereta ukumbi ukiwa na watu."

"Jumamosi nafungua ukumbi kwa semina. Ukiwatisha wageni wangu, hutapata kazi tena Singida. Umenielewa?"

Kaka alielewa. Alikuwa na miaka minne bila ajira ya kudumu, watoto wanne shuleni na mama mzee. Alirudi nyumbani akanyamaza. Hakula siku hiyo wala iliyofuata. Wifi Klara alipomuuliza anaumwa nini, alisema, "Siumwi. Naogopa." Alirudia hesabu zake mara nyingi akitafuta kosa, akiomba Mungu awe amekosea. Nakala ya ripoti ilikuwa mkobani mwake, nasi hatukujua.

Jumamosi tarehe 22 Novemba 1997 walimu mia moja na arobaini wa shule za msingi tuliingia ukumbini. Mimi nilikuwa mmoja wao, na kaka hakujua, kwa sababu jina langu liliongezwa siku ya mwisho. Saa tano asubuhi umeme ulikatika, jenereta ikanguruma, tukapiga makofi. Harufu ya dizeli mji mzima ulikuwa umeizoea. Baada ya muda kichwa kilianza kunigonga. Nilidhani ni njaa. Mwalimu Asnath, aliyekaa kulia kwangu, alilaza kichwa mezani. Nilimtikisa akasema, "Niache kidogo tu." Nikatazama mbele, nikaona mtoa mada ameshika meza kwa mikono miwili na maneno hayamtoki. Nilitaka kusimama, miguu ikakataa. Hofu niliyoipata siwezi kuieleza. Nilijua kwamba ninakufa, na usingizi ulikuwa mtamu.

Kaka alikuwa hapa Mwankoko umeme ulipokatika na redio ikazimika. Alitazama miti, akaona upepo unatoka mashariki. Wifi anasema alidondosha kikombe, akachukua baiskeli bila kuvaa viatu. Langoni mlinzi, mzee Mughenyi, alimzuia: "Nimeambiwa usiingie."

Kaka alimwambia, "Basi panda wewe ukawaangalie. Ukikuta wanaongea, nifunge kamba."

Mlinzi alimtazama miguu ilivyokuwa inatoka damu, akafungua.

Nakumbuka kioo cha kwanza kilivyopasuka. Aliingia na kiti cha chuma, akapiga kioo baada ya kingine, akipiga kelele, "Tokeni! Tokeni nje!" Wengine walidhani ni kichaa. Aliponiona mimi alisimama kabisa, kiti mkononi, akasema, "Agripina? Na wewe?" Sauti ile sijaisahau. Watu kumi na mmoja walibebwa hadi hospitali. Mwalimu Asnath alizinduka siku ya pili. Hakuna aliyefariki.

Kaka alishtakiwa kwa kuvunja vioo. Madaktari walipoandika kilichowapata walimu, Bwana Gasto aliondoa shauri, akaja mwenyewe Mwankoko.

Alisema, "Fundi, nimekuja na aibu yangu."

Kaka akamjibu, "Hata mimi ninayo, mzee. Nilijua tangu Jumatano."

Walilirekebisha jengo pamoja. Jenereta ilihamishwa, mahali pa vioo pakawekwa madirisha yanayofunguka, mitambo miwili kati ya mitatu ikang'olewa. Tangu wakati huo jengo linatumia theluthi ya dizeli ya zamani, na wajenzi wa Dodoma hadi Nzega walianza kumletea michoro. Lakini watu walipompongeza kwa ile Jumamosi, aliondoka. Aliniambia mara nyingi, "Ningechelewa dakika kumi, ningekuwa nimekuua kwa kunyamaza." Nilimwambia nimemsamehe. Sidhani kama yeye alijisamehe.

Mwaka 2002 alianza kukohoa na kuishiwa pumzi akipanda kilima kidogo. Huko Dar es Salaam madaktari walisema mapafu yameota makovu kwa vumbi la asbesto, na hayaponi. Yeye aliyewapimia wengine hewa alijua vizuri maana yake. Ndugu zangu, tumezoea kusema kwamba marehemu aliyapokea maradhi kwa ujasiri. Kaka yetu aliogopa. Aliogopa kila jioni, alishika ukingo wa kitanda na kuhesabu pumzi zake kwa sauti. Juma la mwisho nilimwambia, "Shikamoo kaka, leo umeamkaje?" Akasema, "Agripina, usiniache peke yangu, naogopa kuzama." Tulipeana zamu, wifi, watoto na mimi. Alipokea Mpako wa Wagonjwa tarehe 7 Machi. Jumanne tarehe 9 Machi 2004, saa tisa alasiri, hapa nyumbani, alikata roho huku mkono mmoja umeshikwa na Klara na mwingine na mama. Hadi dakika ile alikuwa na hofu, na hatukuuachia mkono wake.

Marehemu ameacha mjane, Klara, watoto wanne, Bonifasi, Leah, Calist na Elizabeti, mjukuu mmoja, mama yetu Leah, na ndugu wanne, Zefania, Paskali, Raymond na mimi Agripina. Tunamshukuru kila aliyetubebea mzigo huu.

Kaka Laurian, Bwana akupokee na kukutuliza. Pumzika sasa. Huna tena cha kuogopa.