Ukuta Uliozuia Kahawa ya Kilema

Benchi letu liko Njoro, nje ya intaneti kafe ya Faizan, karibu na jiko la Sirili muuza kahawa. Siku ile matokeo ya kidato cha nne yalikuwa yametoka, na foleni ya watoto na wazazi wao ilianzia kwenye kompyuta za Faizan ikaishia barabarani. Mimi nilikuwa likizo, nina laptopu yangu ya Linux kutoka chuo, kwa hiyo nilimwomba Faizan nenosiri la wayalesi, mtandao wa hewani, tu, nikakaa na wazee. Nilikuwa na kazi moja: kutuma picha za vichanja vya kuanikia kahawa ya kikundi cha mama yangu, kijijini Kilema. Mnunuzi wa Ujerumani alikuwa ameandika kwamba asipoziona kabla ya jioni, atachukua mzigo wa nchi nyingine. Mawimbi yalionekana yamejaa. Nenosiri lilikubaliwa. Na hakikupita kitu.

Mzee Theodory, ambaye benchini anaitwa Kibo kwa sababu kila jambo analitafutia maelezo mlimani, aliweka kikombe chini.

Kibo: Hebu nieleweshe, mjukuu wangu. Hiyo picha itatoka hapa bila waya?

Mimi: Bila waya, meku, mzee wangu.

Kibo: Inapitia wapi?

Mimi: Hewani. Hapa hapa, katikati yetu.

Kibo akavuta miguu yake ndani ya benchi, kama mtu anayepisha ng'ombe.

Kibo: Ruwa wangu! Mungu wangu!

Pembeni yake alikaa Melkior, tunayemwita Bei Huru. Ananunua kahawa kwa niaba ya kampuni binafsi tangu serikali iruhusu watu binafsi kununua, na hawezi kuona kitu kimefungwa bila kutaka kifunguliwe.

Bei Huru: Aisee, msomi, umechemka. Asubuhi mzungu katoka mlimani, kakaa hapo hapo ulipokaa, katuma picha zake zote na kahawa haijapoa. Ya kwake inapita, ya kwako imegoma.

Kibo: Asubuhi mlima ulikuwa wazi. Tazama sasa, wingu limeshuka mpaka Kibosho. Picha ya Ujerumani lazima ivuke mlima.

Mimi: Meku, Ujerumani haiko Rombo, nyuma ya mlima!

Sirili: Mimi nasema ni bati. Bati za siku hizi zinanyonya mawimbi. Redio yangu nikiiweka chini ya hili hapa, inapata kwikwi.

Bei Huru: Au mitambo yenyewe haipendi watoto wa kike.

Mimi: Rudia, kaka Melkior. Rudia kwa sauti, mabinti wote kwenye foleni wasikie.

Akajificha nyuma ya kikombe chake. Nilikuwa nimewaka mpaka masikio. Nikaandika amri ya kuuliza laptopu inakataa kupitisha nini, ikanijibu bila aibu: inakataa kila kitu. Kinachozuia si Faizan, si wingu, si bati. Ni faiwoli, nikasema kwa sauti, ukuta wa ulinzi ulio ndani ya kompyuta unaoamua nini kiingie na nini kitoke.

Kibo: Ndani ya hicho kuna ukuta?

Mimi: Upo. Niliujenga mwenyewe. Hosteli nzima tunatumia mtandao mmoja, na kuna watu wanapenda kuchungulia mambo ya wenzao.

Kibo akaiinua laptopu upande mmoja, akaishusha taratibu.

Kibo: Ukuta mzima. Na hauna uzito.

Bei Huru: Bomoa! Kuta ndizo zinazoirudisha nyuma nchi hii. Fungua kote, kila mtu apite, soko litajipanga.

Kibo: Abomoe waingie wezi? Mlifungua kote, mkaja nyinyi na mizani yenu.

Bei Huru: Mizani yangu ina kosa gani?

Kibo: Kawaulize wenye kahawa.

Mimi: Mmekosea wote wawili! Kaka Melkior anataka shamba la kihamba lisilo na uzio, na wewe meku unataka uzio usio na mlango. Uzio wa masale unazunguka shamba lote, lakini pana mahali watu wanapita. Hata ukuta wangu una mlango, niliuweka upande wa waya, kwa sababu chuoni natumia wa...

Nikaivuta laptopu karibu.

Bei Huru: Vipi, hoja zimeisha?

Chuoni natumia waya. Leo nimekuja kwa njia ya hewani, na upande huo sikuacha hata tundu. Nikaandika mistari miwili: ninayotuma yatoke kwa wayalesi, majibu yake yarudi, wengine wabaki nje.

Wakati huo mama yangu, Kornelia, alikuwa anavuka barabara na kikapu cha ndizi kichwani, kashuka na gari la Kilema.

Mama: Shikamoo, meku. Zimeenda?

Kibo: Marahaba, mama. Kaa. Usisimame njiani, zinapita hapo.

Mama akakaa. Nikabonyeza. Mstari wa bluu ukajaa pole pole.

Mimi: Zimefika.

Kibo: Ujerumani?

Mimi: Ujerumani.

Kibo akavua kofia, akaitazama ile hewa kati yetu na jiko la Sirili, hewa ya kila siku, yenye moshi wa mkaa.

Jibu lilirudi hata kofia haijavaliwa. Nikawatafsiria: Picha nzuri sana. Nautaka mzigo wenu, ila wateja wangu watauliza ladha. Nyinyi wakulima mkiinywa mnasikia nini? Nasubiri.

Mama: Tukiinywa?

Akamtazama Kibo.

Kibo: Nimepalilia mibuni tangu sijaota ndevu. Tunavuna, tunaanika, tunapeleka. Kuinywa, sijawahi.

Bei Huru: Msinitazame. Mimi napima tu.

Mimi: Na hii tunayokunywa hapa kila siku?

Sirili: Unga wa dukani, dada. Sijui hata ulikotoka.

Mimi ninayeweza kulumbana juu ya soko la dunia mpaka kengele ya mdahalo ilie, nikamwandikia yule Mjerumani neno moja, nikalifuta.

Mama akaingiza mkono chini ya ndizi, akatoa fundo la kanga. Ilikuwa kahawa yao, iliyokwisha kukobolewa, aliyoibeba ili Faizan mwenye mtandao aone kinachouzwa. Sirili akamwaga birika lote chini. Akakaanga, akaazima kinu kwa Malti jirani, akatwanga, akachemsha. Harufu ilipopanda, foleni nzima iligeuza shingo, hata waliokuwa wanalia.

Kikombe cha kwanza alipewa Kibo. Akanywa. Akafumba macho, akanywa tena.

Mimi: Meku, Mjerumani anasubiri. Niandike nini?

Kibo: Usiandike kwanza.

Akamnyooshea Sirili kikombe.

Kibo: Niongezee.